Haipatufa

Haipatufa ni jiwe la kutengenezwa kwa mkono kutokana na saruji, mboji na changarawe nyepesi. Hufinyangwa kuwa vyungu vya maua, mabeseni ya ndege na mapambo mengine ya bustani. Lilianzia Uingereza katika karne ya 20, ambako wapenzi wa maua ya milimani walikuwa wakiyapanda katika mabirika ya kale ya kunyweshea mifugo. Mabirika yalipoadimika, wakabuni mchanganyiko wa kuiga tufa, jiwe la chokaa lenye vitundu.

Vipimo vya kawaida ni saruji ndoo 2, perlaiti (ile changarawe nyepesi) 3 na mboji ya kinamasi 3. Kikatiti, kata ya Wilaya ya Arumeru nchini Tanzania iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, haina haja ya perlaiti. Mlima Meru (mita 4,566), uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, umesambaza majivu na pumisi, lile jiwe jepesi watu wanalosugulia visigino. Pumisi iliyopondwa hupunguza uzito, na vumbi lake hufanya kazi zaidi: madini yake ya silika huungana polepole na chokaa inayotoka kwenye saruji, na chungu huendelea kukomaa kwa miezi. Warumi waliijua siri hii ya mawe ya volkano, na sehemu ya juu ya kuba la Pantheon mjini Roma, la karne ya 2, ni zege la pumisi. Kuchekecha vumbi la pumisi na kulitupa ni hasara.

Mboji ya kinamasi nayo hubadilishwa kwa kokopiti, machicha ya makumbi ya nazi yanayotumika kwenye vitalu vya miche. Maganda ya kahawa na vumbi la mbao yanavutia kwa kuwa ni rahisi, lakini sukari na utomvu wake huchelewesha saruji kushika. Yalowekwe na kusuuzwa mara kadhaa kwanza.

Vaa glavu na barakoa, changanya viambato vikiwa vikavu, kisha tia maji kidogo kidogo. Konzi ya mchanganyiko ikikamuliwa itoe matone machache tu. Karai lililotandikwa nailoni hutosha kuwa kalibu. Kandika unene wa sentimita 4 hadi 5, ukiacha tundu la maji chini. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi hupaka kwenye kalibu za zege, isitumike hapa, kwani huingia katika vitundu na kudhuru mizizi.

Baada ya siku moja au mbili chungu hutolewa na kusuguliwa kwa brashi ya waya kabla hakijawa kigumu. Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu vyungu vingi. Saruji hukomaa kwa maji, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba hukausha uso kabla ya ndani kushika, nyufa zikafuata. Chungu kifunikwe kwa magunia mabichi kivulini, kimwagiliwe kila siku kwa wiki 4. Masika hurahisisha kazi, mradi kuna paa.

Kisha kilowekwe, maji yakibadilishwa mara kwa mara, ili chokaa kali ipungue. Shubiri na mimea mingine ya majani manene hustawi humo. Azalea na mche wa kahawa, vinavyopenda udongo wenye asidi, vipandwe kwingine.