Shokomzoba za Impreza kuukuu: Mwongozo wa kutafuta zinazofaa

MWENYE Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini anayeteremka kutoka Kapsokwony kuelekea Kimilili hutambua upesi kwamba nguvu za injini si hoja shokomzoba zikiwa zimechoka. Gari huinamisha pua breki zinapokanyagwa, huyumba penye kona na kurukaruka palipo na mashimo. Kila gurudumu linapoinuka, tairi hupoteza mshiko, na breki hazina la kufanya.

Tatizo ni kwamba toleo la kwanza la gari hilo, lililozinduliwa Japani mwaka wa 1992, liliacha kuundwa mwaka wa 2000. Kanuni ya KS 1515:2000, inayozuia kuingizwa Kenya kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, ilifunga mlango wa magari hayo zamani. Yaliyosalia nchini hayaongezeki, na vipuri vyake halisi vinazidi kuadimika.

Hata hivyo, sifa zake hazijafifia. Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1997 akiendesha Impreza, naye Richard Burns akafanya hivyo mwaka wa 2000. Ushindi huo ndio uliowafanya vijana wengi nchini kulitamani gari hilo.

Kazi ya shokomzoba

Wengi hudhani shokomzoba, au shoki kama mafundi wengi wanavyoiita, ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Shokomzoba huituliza springi isiendelee kudunda baada ya kupita shimo. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto.

Shokomzoba nyingi za kisasa hutiwa pia gesi ya naitrojeni ili kuzuia mafuta yasitoe povu. Mafuta yenye povu hupita matunduni kwa wepesi, na shokomzoba hulegea katikati ya safari. Hili hutokea zaidi katika barabara mbovu ndefu, ambako joto halipati nafasi ya kupoa.

Dalili za kuchoka ni mafuta yanayotiririka kwenye mwili wa shokomzoba, tairi zinazolika kwa mabaka, na gari linaloendelea kudunda baada ya kusukumwa chini kwa mkono. Ila si kila kelele hutoka hapo. Bushi zilizokwisha na raba ya juu iliyopasuka hugonga vilevile. Zikaguliwe kwanza, kwani bei yake ni nafuu mno.

Jina la gari halitoshi

Kosa kubwa la mnunuzi ni kuagiza “shokomzoba za Impreza”. Jina hilo lilipewa magari mengi: yenye turbo na yasiyo nayo, yenye kuvutwa na magurudumu mawili na yenye kuvutwa na manne. Ugumu wa shokomzoba, urefu wake na kiti cha springi hutofautiana.

Jibu liko kwenye kibati cha chuma ndani ya chumba cha injini. Nambari ya chesisi ya WRX ya toleo la kwanza yenye bodi ya saluni huanza kwa GC8, na ile ya wagoni huanza kwa GF8. Herufi inayofuata kwenye nambari ya modeli, kuanzia A hadi G, huonyesha awamu ya uundaji.

Nambari za vipuri vya Subaru nazo zina siri yake. Huwa na tarakimu na herufi kumi, na herufi mbili za katikati hutambulisha gari: FA ni Impreza ya toleo la kwanza, FC ni Forester ya kwanza, na FE ni Impreza iliyofuata. Aliyeuziwa kipuri chenye FE kwa gari la GC8 ana haki ya kuuliza maswali.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kununua mpya. Kayaba, ambayo nembo yake ni KYB, ni miongoni mwa kampuni zilizoiundia Subaru shokomzoba kiwandani, na pia huuza za kubadilishia. Duka lisipokuwa nazo Bungoma, Kitale au Eldoret, mnunuzi hulazimika kuulizia Nairobi, hasa Barabara ya Kirinyaga na Industrial Area, kisha zikatumwa kwa basi. Anayeagiza kutoka ng’ambo ahesabu nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kufurahia bei.

Njia ya pili ni zile za mtumba kutoka Japani. Hizi huweza kuwa halisi, lakini hakuna ajuaye zilitembea kilomita ngapi. Fimbo yake isukumwe hadi chini: ikishuka kwa mikwaruzo au bila ukinzani, iachwe. Fimbo yenye kutu au alama za kukwaruzwa itakata sili na kumwaga mafuta.

Njia ya tatu ni kutumia za Forester ya kwanza, iliyozinduliwa mwaka wa 1997, ambayo ina undugu wa karibu na Impreza. Hizi hufungika, tena huinua gari, jambo linalowavutia wakazi wa barabara za murram. Lakini zichukuliwe pamoja na springi na raba zake za juu. Na dereva akumbuke kwamba gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona; halitashika barabara kama lilivyobuniwa.

Jambo la kuepuka ni shokomzoba iliyotobolewa, ikajazwa mafuta na kuchomelewa. Vivyo hivyo, raba zinazopachikwa katikati ya springi huinua gari tu, hazirejeshi utulivu.

Wakati wa kufunga

Shokomzoba hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Springi ibanwe kwa kifaa maalumu, kwani ikifyatuka yaweza kumuua fundi.

Katika Impreza, bolti ya juu inayoshika shokomzoba ya mbele ndiyo hurekebisha mlalo wa gurudumu. Itiwe alama kabla ya kufunguliwa. Paipu ya breki ikibidi kufunguliwa, breki zitolewe hewa kabla gari halijaondoka gereji.

Mwisho, magurudumu yapimwe upya. Asiyefanya hivyo huokoa fedha kidogo leo, kisha akanunua tairi mpya kabla ya wakati.

Sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi ya mwaka wa 2008 hupiga marufuku uuzaji wa bidhaa hizo, na mnunuzi aliyelaghaiwa husaidiwa na risiti. Aidai, na iandikwe nambari ya kipuri wala si jina la gari pekee.