Duara Jekundu na Dhamana ya Miaka Mitatu

Mashine ya michezo ya video iitwayo Xbox 360, ambayo kampuni ya Microsoft iliitoa sokoni Marekani tarehe 22 Novemba 2005, ilikuwa na kitufe cha kuwashia kilichozungukwa na duara la taa nne, na taa hizo, ambazo desturi yake ni kuwaka kijani, zilianza katika nyumba nyingi kuwaka tatu kwa rangi nyekundu, ishara ya kuwa mashine imeharibika; wachezaji wakaiita ishara hiyo Duara Jekundu la Mauti.

Asili ya ubovu ilikuwa joto. Chipu zilipata moto mkali mchezo ulipoendelea, zikapoa mashine ilipozimwa, na kwa kutanuka na kunywea huko kusikokoma, viungio vidogo vilivyopitisha umeme vilipata nyufa. Ndiyo maana wako waliofunika mashine zao kwa taulo zijichome zenyewe, nazo baadhi zikafufuka kwa kitambo, ingawa dawa hiyo ilihatarisha hata vile vipuli vilivyosalimika.

Dhamana ya awali huko Marekani ilikuwa ya siku 90 tu, muhula ambao, kwa ubovu unaokua polepole namna hiyo, haukuwa na insafu hata kidogo: mtu aliyekwisha kutoa dola 399 alidaiwa fedha nyingine ili arekebishiwe kosa lisilo lake. Desemba 2006 muhula ukafanywa mwaka mmoja, na malalamiko yasikome.

Hatimaye Peter Moore, aliyesimamia biashara hiyo ya michezo, alimwendea mkuu wa kampuni, Steve Ballmer, na hesabu ya dola bilioni 1.15, ambazo katika hizo, kwa masimulizi ya Moore mwenyewe, milioni 240 zilikuwa nauli ya kusafirisha mashine tu. Na Ballmer, pasipo kusitasita, akaidhinisha. Julai 2007 ilitangazwa kwamba kila mashine yenye taa tatu nyekundu itatengenezwa bure kwa miaka mitatu tangu siku ya kununuliwa, na kwamba waliokwisha kulipia matengenezo hayo watarudishiwa fedha zao. Sharti hili la pili ndilo ninalolitukuza zaidi, kwani kumsaidia mteja wa kesho ni biashara, bali kumrudia yule aliyekwisha kudhulumiwa ni haki.

Basi masanduku matupu yakapelekwa majumbani, mwenye mashine akaitia yake ndani, akaituma, akangoja majuma kadhaa. Na wachezaji, kwa uchungu wa kutengana na kipenzi chao, wakayaita majeneza.

Hata hivyo dhamana hiyo iliwabagua wengine, maana mashine iliyoonyesha taa moja nyekundu na maandishi E74 haikuhesabiwa, ijapokuwa mwenyewe alipata hasara ile ile, mpaka Aprili 2009 ilipoingizwa nayo katika miaka mitatu, na waliokwisha kulipa wakarejeshewa.