Kamba ya Iyangura: kuanza kazi Masisi na Walikale

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mashariki mwa Kongo, mtambaji Candi Rureke alitumia siku 12 kusimulia kisa cha Mwindo. Aliimba, akacheza, akamwigiza kila mhusika, na vijana waliokuwa naye wakapiga mdundo na kuitikia. Msomi wa Kibelgiji Daniel Biebuyck aliyaandika yote. Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, alishirikiana naye kuyafasiri, na kitabu kikatoka California mwaka 1969.

Wengi wanaokitaja kisa hicho humtaja Mwindo mpiganaji, kitoto kilichozaliwa kikitembea na kikamshinda baba aliyetaka kukiua. Lakini katikati ya kisa kuna kazi, kazi ya jembe na shoka. Mwindo anamfuata baba yake, Shemwindo, hadi kuzimu. Mwenyeji wa huko, Muisa, hamwoneshi baba. Anampa kwanza kazi ya kulima na kupanda shamba zima la migomba kwa siku moja. Akimaliza, anatumwa kurina asali juu ya mti. Ni mgeni asiyejua desturi za mahali, mbele ya bwana anayetaka ashindwe.

Hakwenda peke yake, na hapo ndipo kisa kinapofanana na maisha ya watu wa Walikale. Wajomba zake, Yana, popo wahunzi, walikuwa wamemvika chuma mwilini. Shangazi yake, Iyangura, alibaki juu ameshika kamba ambayo ncha yake ya pili alikuwa nayo Mwindo. Ikikoma kutikisika, ajue mtoto amekufa. Na mlangoni kwa Muisa, binti aitwaye Kahindo alimnong'oneza mambo ya kuepuka: kiti atakachokaribishwa asikikalie, pombe atakayopewa asiinywe. Kuna wa kukuvika, wa kukushikia kamba na wa kukuonya mlangoni. Anayeisoma historia ya kazi Masisi na Walikale atawakuta watu hao watatu kila mara, hata waajiri walipobadilika kabisa.

Utambaji wenyewe ulikuwa kazi ya kurithishana kwa namna hiyohiyo. Kijana alianza kwa kumsaidia mtambaji mzoefu, mara nyingi ndugu yake, akipiga mdundo na kuitikia nyimbo mpaka maneno yakamkaa. Utegaji pia. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya theluthi moja ya jimbo, na sehemu kubwa yake ni msitu. Mtoto wa kiume aliufuata mstari wa mitego nyuma ya baba au mjomba, akajifunza kuinamisha mti mchanga, kufunga kitanzi, kusoma nyayo kwenye tope. Mbwa wa kuwinda walivishwa njuga shingoni ili wasipotee kwenye kichaka. Nyama ikifika kijijini iligawanywa kwa cheo na undugu, na mwindaji chipukizi alijua kabla hajaua chochote kwamba mnyama wake wa kwanza hatakuwa wake.

Huko Masisi, wilaya jirani, mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa sababu ya udongo. Vilima vya Wahunde vina mvua, baridi na ardhi nyeusi ya volkano, na Wabelgiji waliviona mapema. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Yakaja mashamba ya kahawa, chai, pareto na kwinini. Kilichokosekana ni watu wa kuyalima: Wahunde hawakuwa wengi, na walikuwa na migomba yao na maharagwe yao. Hawakuona sababu ya kuamka alfajiri kwa filimbi ya kapita, msimamizi wa vibarua, ili kuchuma kahawa ya mtu mwingine.

Suluhisho la serikali ya kikoloni lilikuwa kuhamisha watu. Mwaka 1937 mpango wa kuwahamishia Wanyarwanda Masisi, MIB, ulianza. Rwanda ilikuwa imepita katika njaa kali ya 1928 na 1929, na nyingine ilikuwa njiani, ile ya 1943. Kufikia 1945 watu wapatao 25,000 walikuwa wameletwa, na kati ya 1949 na 1955 wakafuata wengine takriban 60,000. Walikuja kifamilia, na mbegu na lugha yao, wakawekwa Gishari na vilima vya jirani.

Fikiria siku ya kwanza ya baba aliyefika hivyo. Bwana wa shamba ni Mzungu, anayehesabu watu asubuhi ni kapita, na ardhi anayoonyeshwa ajenge nyumba ilikuwa ya ukoo wa Kihunde ambao haukuulizwa sawasawa. Aliyemsaidia kujua mipaka, soko na maneno ya salamu alikuwa yule aliyetangulia kutoka kilima chake. Watu walijenga karibu na ndugu, na ndugu waliitana kazini. Ndiyo maana hadi leo zipo familia Masisi zinazoweza kusema babu yao aliingia shamba gani na nani alimwingiza.

Deni la ardhi ile halikulipwa. Utemi wa Wanyarwanda wa Gishari ulivunjwa mwaka 1957, Wahunde wakaendelea kudai vilima vyao, na Machi 1993 mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi nzima. Wanaoandika juu ya Masisi huanzia hapo, na kwa haki. Lakini ukianzia hapo tu, humwoni tena yule baba wa Gishari na jembe lake, wala jirani Mhunde aliyemwazima mbegu za viazi.

Kabla ya mauaji hayo, Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kuyatwaa mashamba na biashara za wageni na kuwapa Wazaire, kama raia wa Kongo walivyoitwa wakati huo. Masisi wengi waliopata mashamba hayo walikuwa watu wa mjini wenye ukaribu na wakubwa, na kahawa haikuwavutia. Waling'oa, wakapanda majani, wakaleta ng'ombe. Shamba la kahawa lilihitaji mamia ya wachumaji. Malisho ya ukubwa uleule yanatosheka na wachungaji wachache. Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa adimu kwenye vilima vilivyowahi kutafuta watu kwa malori.

Ng'ombe hao walizaa kazi nyingine, ndogo kwa idadi lakini yenye sifa. Wamisionari walikuwa wamekuja na ufundi wa jibini. Watrapisti kutoka monasteri ya Scourmont, karibu na Chimay, Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mokoto mwaka 1954, na kufikia miaka ya 1970 jibini ya mtindo wa Gouda ilikuwa ikitengenezwa vilimani. Goma nzima, mji mkuu wa jimbo, huiita fromaji ya Masisi. Sababu ya kuenea kwake ni barabara. Maziwa hayasubiri: mvua ikinyesha, lori linaweza kukwama siku nzima kwenye tope kabla ya Sake, mji ulio njiani kwenda Goma, na maziwa yakaharibika garini. Jibini husubiri wiki na miezi.

Kiwanda cha kawaida ni nyumba ya mbao yenye bati, isiyo na umeme. Asubuhi maziwa hufika katika bidoni za njano, kichwani au kwenye pikipiki, na yule wa mlangoni huyanusa na kuyapima kabla hayajachanganywa na ya wengine, kwani bidoni moja iliyochacha huharibu sufuria nzima. Maziwa hupashwa moto wa kuni, hutiwa dawa ya kugandisha, kisha huachwa mpaka yashikane kama uji mzito. Hukatwa kwa kisu, maji ya kijani kibichi yakajitenga, na ule mgando ukajazwa kwenye kalibu na kukandamizwa kwa uzito. Baada ya kulala kwenye maji ya chumvi, jibini hupangwa juu ya mbao na kugeuzwa, kufutwa, kugeuzwa tena. Kilo moja hula lita zipatazo 10 za maziwa.

Kazi hii haina shule. Mwanafunzi huanza kwa kuosha bidoni na sakafu, kisha hupewa kugeuza jibini, na baada ya muda mrefu ndipo huruhusiwa kugusa sufuria. Cha mwisho kujifunza ni joto: fundi hutumbukiza mkono au kiwiko na kujua. Mara nyingi anayefundishwa ni mtoto wa fundi, mpwa, au kijana aliyeletwa na mama mmoja wa parokia. Kisha vita vikaja: Mei 1996 wakimbizi waliojificha Mokoto waliuawa, na watawa wakakimbia. Mifugo ya Masisi iliporwa na kuchinjwa katika miaka hiyo kiasi cha vilima kubaki vitupu. Jibini haikufa kwa sababu ufundi wake ulikuwa mikononi mwa watu wa kawaida. Ng'ombe waliporudi, sufuria zilirudi motoni Ngungu, Kilolirwe na kwingineko.

Kijana wa Masisi asiye na ng'ombe wala ndugu kiwandani aliweza kuanza na chukudu. Baiskeli hiyo ya mbao isiyo na pedali ilienea tangu miaka ya 1970. Magurudumu huchongwa kwa mti mgumu na kuvishwa kipande cha tairi, na juu ya ubao huwekwa mto wa kandambili kuukuu ili goti lisichubuke. Huteremka Sake imebeba makaa, viazi, kabichi. Wengi walijengewa ya kwanza na seremala wa kijiji kwa mkopo wa baba. Goma imeisimamishia sanamu katika mzunguko mmoja mkubwa wa barabara, na ni haki yake.

Walikale, wakati huohuo, ilikuwa ikisubiri kitu kingine. Madini yalikuwapo tangu ukoloni, na SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani, iliajiri maelfu Kivu nzima kwa mshahara, nyumba na posho. Oktoba 1985 bei ya bati duniani ilianguka, na ajira za aina hiyo zikayeyuka polepole. Kisha, karibu mwaka 2002, kasiteriti, mawe yenye bati, iligunduliwa katika kilima cha Bisie, ndani kabisa ya msitu.

Waliofika walikuwa maelfu, na wengi hawakuwahi kushika sururu. Wakulima, walimu waliochoka kusubiri mishahara, wanafunzi, vijana wa Masisi waliokimbia vita. Katika uchimbaji wa mikono, mpaka leo mwenye shimo huitwa pedeje, cheo kilichotoka katika ofisi za makampuni. Hulisha kikosi chake na kununua taa na nyundo mpaka mshipa upatikane, kisha gharama zake hutolewa kwanza. Mgeni hakuingia shimoni kwa kujitambulisha tu. Alihitaji mtu wa kusema huyu ni mdogo wangu. Mtu huyo alimfundisha kusikiliza mwamba, kujua hewa imekwisha, kutoka bila kuaga wengine wakianza kukimbia. Kwenye mashimo ya kushuka wima, anayeshika kamba juu hachaguliwi ovyo, na aliyekisikia kisa cha Mwindo utotoni hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ambaye hakupata shimo alibeba. Kutoka Bisie hadi barabarani Njingala ni zaidi ya kilomita 40 za matope na mizizi, mwendo wa siku mbili, mgongoni kilo 50. Wanawake walibeba pia: kuja na unga, mafuta, chumvi na sabuni, kurudi na mawe. Wenye silaha walitoza njiani. Kutoka Njingala mzigo ulikwenda Kilambo, ambako barabara ya lami iligeuzwa uwanja, na ndege zikatua juu yake kuchukua mawe hadi Goma. Kwa miaka kadhaa kilima hicho kimoja kilitoa sehemu kubwa kabisa ya bati la Kongo.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Walioathirika kwanza hawakuwa wenye silaha. Walikuwa wauza maandazi wa Njingala, wabebaji, na walimu wa shule zilizoishi kwa ada za watoto wa wachimbaji. Baadaye Bisie ikawa mgodi wa viwanda. Kampuni ya Alphamin ilikata barabara msituni, ikajenga mtambo, na mwaka 2019 ikaanza uzalishaji wa kibiashara wa bati kutoka katika mwamba wenye kiwango cha bati kilicho nadra duniani.

Kwa mara ya kwanza tangu SOMINKI, kuanza kazi Walikale kulimaanisha tena helmeti, beji yenye picha na zamu inayojulikana. Kulimaanisha pia makaratasi: diploma, leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura, cheti cha daktari. Wengi waliobeba kilo 50 kwa miaka hawakuwa na hata moja ya hayo. Suala la nani aajiriwe, mzaliwa au mgeni, limezua malalamiko ya wazi, na wazee wa koo zenye ardhi hulichukua kama walivyochukua suala la nyama ya mnyama wa kwanza: kwamba msitu ni wao, basi sehemu yao iko wapi? Ni swali la haki, na jibu la idara ya ajira pekee halitoshi.

Januari 2025 mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23. Machi walifika Walikale, na mgodi ukafungwa kwa wiki kadhaa, wafanyakazi wakaondolewa. Aprili kazi ikarudi kwa awamu.

Anayepata beji leo bado hulipiwa njia na familia. Mjomba hutoa nauli ya pikipiki, dada hutoa pesa ya picha, mama hupika kuku wa kuagana. Mshahara wa kwanza hurudi nyumbani kabla haujazoeleka mfukoni: kitenge cha mama, kitu cha baba, sabuni na chumvi za shangazi, na mzigo mkubwa zaidi, minervali, yaani ada ya shule, ya wadogo. Septemba 2019, mwaka uleule mgodi ulipoanza biashara, serikali ilifuta ada za shule ya msingi ya umma. Kwa hiyo fedha hizo sasa huelekea sekondari, na mdogo anayelipiwa mara nyingi huchagua ufundi wa umeme au umakanika, kwa kuwa kaka yake ameshaona mgodini ni nani anayeitwa kwanza.