Unga wa Sumaku na Vipimo Vyake

Historia ya kunasa sauti kwa sumaku husimuliwa mara nyingi kama historia ya mashine. Mashine zastahili sifa. Lakini usafi wa sauti ulitegemea pia kitu duni kwa sura, yaani unga wa chuma uliochanganywa na gundi na kupakwa juu ya utepe.

Fritz Pfleumer wa Dresden, Ujerumani, aliuvumbua utepe huo katika mwaka wa 1928. Alikuwa fundi wa kutia rangi ya dhahabu katika karatasi za sigara, na ujuzi huo akauhamishia kwenye chuma. Kampuni ya AEG iliunda mashine, IG Farben ikatengeneza utepe, na katika mwaka wa 1935 Magnetophon ikaonyeshwa Berlin. Mwaka uliofuata okestra ya London Philharmonic, chini ya Thomas Beecham, ilinaswa mjini Ludwigshafen. Muziki ulisikika, na mchakacho ukasikika pamoja nao. Sehemu ya mchakacho ilitoka katika umeme wa mashine, nayo ilipunguzwa sana katika mwaka wa 1940. Sehemu nyingine ilikaa katika unga.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Kila chembe ya sumaku ina ncha mbili, na chembe huvutana zikawa bonge. Bonge likipita mbele ya kichwa cha mashine, sikio hulitambua. Kwa hiyo mchanganyiko ulisagwa kwa saa nyingi katika pipa lenye gololi. Lakini ilijulikanaje kwamba umeiva?

Jicho lilikuwa kipimo cha kwanza: mchanganyiko hukwanguliwa katika mfereji unaopungua kina, na mabonge huonekana yanapokwama. Mng'ao ulikuwa cha pili, maana utepe uliopakwa vyema hurudisha nuru. Cha tatu ni sumaku yenyewe: nguvu inayobaki baada ya mvuto wa nje kuondolewa hulinganishwa na upeo wa nguvu hiyo. E. C. Stoner na E. P. Wohlfarth walionyesha katika mwaka wa 1948 kwamba chembe zilizoelekea kila upande hutoa uwiano wa 0.5. Chembe zenye umbo la sindano, zikilazwa kufuata urefu wa utepe, huupandisha uwiano kuelekea 1. Zilizofungamana katika bonge hazigeuki.

Hata hivyo, hakuna kipimo kimoja kilichotosha. Kusaga zaidi huongeza mng'ao, lakini huvunja sindano na kuidhoofisha sumaku. Utepe waweza kung'aa kama kioo na kuwa dhaifu. Mizani ya kweli ilikuwa kuvisoma vipimo vyote pamoja, kila kimoja kikiwa shahidi wa mwenzake.

Nyimbo na hotuba za karne iliyopita zilizohifadhiwa katika tepe zina deni hapo. Usafi wake uliamuliwa kwa sehemu na fundi asiyetajwa, aliyesimama kando ya pipa akasema: bado, au, basi.