Kinanda kizima, programu iliyokoma: kwa nini masasisho yanawagombanisha wanamuziki na watengenezaji

Kinanda kinachotumiwa siku hizi katika studio nyingi hakitoi sauti yoyote kikiwa peke yake. Mnunuzi wa Bwiza au Buyenzi, mjini Bujumbura, akikitoa kwenye boksi na kubonyeza vitufe vyake, atasikia mlio wa plastiki tu. Sauti ya piano, ya fidla au ya besi imo ndani ya kompyuta, katika programu iliyotengenezwa na kampuni ya Ulaya, Japani au Marekani. Kampuni hiyo ndiyo inayoamua programu itasasishwa hadi mwaka gani, kwa malipo gani na kwa kompyuta za aina gani.

Maamuzi hayo yamekuwa chanzo cha manung'uniko ya wateja duniani kote. Mtu amelipia kifaa, vitufe vyake vyote vinafanya kazi, taa zinawaka, lakini nusu ya kazi aliyokinunulia imekoma kwa sababu mtengenezaji ametangaza kwamba hatatoa tena masasisho. Kwa mwanamuziki wa Burundi tatizo hilo huja na mizigo mingine ambayo mwenzake wa Berlin haijui.

Kinanda kinachoamuru

Ni vyema kutofautisha vinanda viwili. Kile cha kwaya, kwa mfano Yamaha PSR inayoonekana katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, kina sauti zake na spika zake ndani. Kikiwashwa kinapiga, na baada ya miaka kumi kitapiga vilevile. Cha pili ni kinanda cha kuamuru, ambacho wafanyakazi wa studio hukiita kontrola. Hiki hutuma amri kwenye kompyuta: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, kisha kimeachwa. Programu hupokea amri na kutoa sauti.

Lugha ya amri hizo ni MIDI. Ilionyeshwa hadharani mwezi Januari 1983 katika maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko California, pale kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa kwa waya na kinanda cha Roland, na kubonyeza kimoja kukakipigisha kingine. Waasisi wake wanaotajwa zaidi, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Jambo la kukumbukwa ni kwamba walikubali lugha hiyo itumiwe na washindani wao wote. Ndiyo maana kinanda cha mwaka 1985 bado kinaweza kuunganishwa na kompyuta ya leo, mradi upatikane waya wa kati wa kubadilisha tundu lake la pini tano kuwa USB. Ni vifaa vichache vya kielektroniki vya umri huo vinavyoweza kujisifia jambo kama hilo.

Ahadi ya pili ndani ya boksi

Kama vinanda hivi vingeishia kwenye MIDI, ugomvi usingekuwepo. Lakini kutuma noti ni kazi ambayo hata kinanda cha bei nafuu kabisa hukiweza, na mtengenezaji anayetaka kuuza kwa bei ya juu lazima aongeze kitu. Anachoongeza ni uhusiano wa karibu na programu: vioo vinavyoonyesha majina ya sauti, virungu vinavyojipanga vyenyewe kulingana na ala iliyofunguliwa, taa juu ya vitufe zinazoonyesha skeli. Hayo yote hayamo katika mkataba wa mwaka 1983. Yanategemea programu ya kampuni moja, na siku kampuni inapoiacha, vioo hubaki vitupu.

Kampuni ya Novation ya Uingereza iliwahi kuuza vinanda vyake vya familia ya SL kwa kusifu programu yake iitwayo Automap, iliyounganisha virungu na programu za muziki za aina mbalimbali bila mtumiaji kupanga kimoja kimoja. Ilikuwa ndiyo sababu ya wengi kununua. Baadaye kampuni iliacha kuiendeleza Automap. Vinanda havikufa, noti zinapita kama kawaida, lakini anayekinunua kilichotumika leo anapata kinanda cha kawaida chenye virungu vingi ambavyo lazima avipange kwa mkono.

Native Instruments ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1996, ndiyo inayojulikana zaidi kwa mtindo huu. Vinanda vyake vya Kontrol S vilitoka mara ya kwanza mwaka 2014, kizazi cha pili kikaja mwaka 2017 na cha tatu mwaka 2023. Kila kizazi kipya huwaachia wenye kizazi kilichotangulia swali lilelile: je, uwezo mpya wa programu utawafikia na wao, au watatakiwa kununua upya? Kizazi cha tatu kilinadiwa kuwa "tayari" kwa MIDI 2.0, toleo jipya la lugha ile lililopitishwa Januari 2020. Neno hilo lisomwe kwa makini. Linasema mlango upo; halisemi utafunguliwa lini, wala kama kompyuta ya mnunuzi itakuwa na chumba cha upande wa pili.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko mengi. Mteja hununua kinachofanya kazi leo pamoja na kile alichoambiwa kinakuja. Tangazo la mipango ya masasisho likicheleweshwa, au likitoka na kuviacha nje vifaa vya zamani, mtengenezaji huona amebadilisha ratiba yake ya kazi, ilhali mteja huona amepunjwa kitu alichokwisha kulipia. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mteja ana haki zaidi: mipango hiyohiyo ndiyo iliyotumika kumshawishi atoe fedha.

Kulipa kila mwaka

Upo pia mvutano juu ya malipo ya masasisho yenyewe. Kampuni ya Waves ya Israeli, inayouza programu za kurekebisha sauti, ilikuwa na mpango wa kila mwaka ambapo mwenye leseni hulipa ili aendelee kupata matoleo mapya. Mwezi Machi 2023 ilitangaza kwamba inaacha kuuza leseni za kudumu pamoja na mpango huo, na kwamba kuanzia hapo kila mtu atakodi. Hasira za wateja zilikuwa kubwa kiasi kwamba ndani ya siku chache kampuni iliomba radhi na kurudisha leseni za kudumu.

Image-Line ya Ubelgiji imeshika njia iliyo kinyume. Programu yake FL Studio, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, huuzwa mara moja na masasisho hutolewa bure kwa mnunuzi maisha yake yote. Kampuni hiyo haijafilisika kwa ukarimu huo. FL Studio ndiyo iliyozaa midundo mingi ya Bongo Fleva, na ndiyo inayofunguliwa katika vyumba vingi vya kurekodia kuanzia Dar es Salaam hadi Bujumbura, ingawa ni lazima isemwe kwamba nakala nyingi zinazotumika si za kununuliwa. Mwenye nakala ya wizi hana pa kulalamikia sasisho linapomharibia kazi, na hilo nalo ni sehemu ya sababu sauti ya wanamuziki wa eneo letu haisikiki katika migogoro hii.

Kompyuta ikibadilika chini ya kinanda

Wakati mwingine mtengenezaji wa kinanda hana kosa la kuanzia. Oktoba 2019 Apple ilitoa mfumo wa macOS Catalina, uliokataa kabisa programu za biti 32. Watengenezaji wengi wa programu za muziki waliwasihi wateja wao wasisasishe kompyuta hadi watakapotangaziwa, na waliosasisha kwa pupa walikuta baadhi ya ala zao hazifunguki. Microsoft nayo ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Kwa studio inayotegemea kompyuta ya mtumba, na ndizo nyingi, maana yake ni kwamba toleo jipya la programu ya kinanda siku moja litadai mfumo ambao mashine haiwezi kuubeba.

Mzigo wa Bujumbura

Tuchukue sasa sasisho la kawaida na tulipitishe mjini hapa.

Kwanza kuna kulipakua. Burundi haina pwani. Intaneti yake huja kwa nyaya za ardhini kupitia nchi jirani hadi kwenye mikongo ya baharini, na gigabaiti hununuliwa kwa vifurushi vya simu. Programu ya kinanda yenyewe ni ndogo, lakini maktaba za sauti zinazoambatana nayo, katika vifurushi vikubwa, hufikia mamia ya gigabaiti. Mtengenezaji anapoamuru maktaba ipakuliwe upya baada ya kubadilisha muundo wake, anatoa amri ambayo kwa mtu wa Munich ni ya usiku mmoja na kwa mtu wa Kamenge ni ya mshahara.

Kisha kuna kulipa, palipo na malipo. Kadi ya benki inayokubalika kulipia dola mtandaoni ni ya wachache. Fedha za kigeni ni adimu, na Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja. Katika soko lisilo rasmi dola huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Ada ndogo ya mwaka iliyopangwa kwa kipato cha Ulaya haibaki kuwa ndogo.

Hatari ya tatu ni ya umeme, na inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo kwa sababu huua kifaa. Yapo masasisho ya programu iliyo kwenye kompyuta, ambayo yakikatika huanzwa upya. Yapo pia yanayoandikwa ndani ya kinanda chenyewe. Haya ya pili yakikatizwa katikati, kinanda kinaweza kubaki na maandishi nusu na kukataa kuwaka. Katika jiji ambalo umeme wa REGIDESO hukatika bila taarifa, kazi hiyo ifanywe kwa kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, kinanda kikiwa kimechomekwa moja kwa moja kwenye tundu lake la USB, kwani vinanda vingi vya kuamuru hula umeme kutoka kompyuta na hivyo betri moja hutosha kulinda vyote viwili. Baadhi ya vinanda vina njia ya kuokolewa, yaani kubonyeza vitufe fulani wakati wa kuwasha, lakini si vyote.

Na mwisho, wengi hapa hununua vilivyotumika. Programu zinazoandamana na kinanda husajiliwa kwa jina la mnunuzi wa kwanza. Kifaa kinaweza kubadilisha mikono mara tatu kati ya Brussels, Nairobi na Buyenzi huku leseni ikiwa bado mali ya mtu aliyekwisha kukisahau.

Sheria zinasemaje

Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inawataka watengenezaji wa vifaa vya walaji vinavyounganishwa na mtandao waseme wazi muda wa chini watakaotoa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: sheria yake ya uthabiti wa mtandao ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024, na wajibu wake mkuu utaanza kutekelezwa tarehe 11 Desemba 2027. Inagusa bidhaa nyingi zenye programu ndani yake na kwa kawaida inadai msaada wa usalama usiopungua miaka 5.

Mnunuzi wa Bujumbura hawezi kwenda mahakamani Ulaya kwa sheria hizo, ingawa atanufaika kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa faili la sasisho linalotolewa kwa Mjerumani ndilo hilohilo linalopakuliwa hapa. Ila sheria zote mbili zinahusu usalama. Hakuna inayomlazimisha mtengenezaji kuwasha tena vioo vya kinanda cha zamani au kutimiza neno "tayari".

Kabla ya kulipa

Swali la kwanza dukani liwe hili: kinanda hiki kinafanya kazi bila programu ya kampuni? Vinanda vinavyofuata kanuni ya MIDI kwa njia ya USB, iliyowekwa mwaka 1999, hutambuliwa na kompyuta bila kuwekewa draiva yoyote, na hivyo havifi pamoja na draiva hiyo. Jibu la muuzaji si lazima kuliamini. Simu za Android hutambua vinanda vya aina hiyo tangu toleo la 6. Mnunuzi aje na simu yake, programu yoyote ya piano ya bure, na waya mfupi wa kuunganishia USB. Akichomeka kinanda na simu ikatoa sauti, kinanda hakihitaji draiva. Kisipotoa, huenda ni kwamba kinadai umeme mwingi kuliko simu inavyoweza kutoa, basi kijaribiwe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa programu ya kampuni hiyo.

Kwa kilichotumika, muuzaji aombwe ahamishe leseni kabla ya fedha kutolewa, si baada. Asipoweza, bei ishuke hadi ile ya kinanda kitupu. Na mwenye studio ambayo tayari inafanya kazi vizuri ahifadhi kwenye diski ya nje faili za usakinishaji za matoleo anayoyatumia sasa, maana kampuni inapoacha kuhudumia kifaa, mara nyingi kurasa za kupakulia nazo huondolewa.