Herufi Zilizogeuzwa: Historia ya Chapa hadi Mwiki

Jina la Mwiki linabebwa na wadi mbili: moja Kasarani, Kaunti ya Nairobi, nyingine Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Mchonga chapa hana haja na mpaka huo. Yeye huangalia herufi. Ubaoni kila kitu huchongwa kinyume ili kikisha kupigwa karatasini kisomeke. MWIKI ni jina la huruma: M, W na I zikigeuzwa hubaki vilevile, K peke yake ndiyo hutazama upande mwingine. KASARANI ndiyo yenye kazi, kwa K, S, R na N. Ukisahau kugeuza S moja, ubao umekwisha.

Vijana wa Unguja waliijua hesabu hiyo mapema. Wamisionari Waanglikana wa UMCA, waliofika huko mwaka 1864, walifungua kiwanda cha chapa na kuwafundisha kupanga herufi vijana waliokombolewa utumwani. Mmoja wao, Owen Makanyassa, alikuja kukisimamia. Sifa za vitabu vilivyochapwa hapo amebeba Askofu Edward Steere. Wino ulikuwa mikononi mwa vijana.

Nairobi, baadhi ya mashine zilikuwa za Wahindi. Muigwithania, gazeti la KCA, chama cha siasa cha Wakikuyu, lililoanza mwaka 1928 chini ya mhariri Johnstone Kenyatta, lilipigwa chapa kwao. Girdhari Lal Vidyarthi, mwanzilishi wa Colonial Times ya 1933, alichapa pia Habari za Dunia kwa Kiswahili, na alifungwa kwa uchochezi. Mwandishi na mchapishaji Gakaara wa Wanjau aliwekwa kizuizini mwaka 1952. Baadaye aliendesha kiwanda chake Karatina, na shajara yake ya kizuizini ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mpiga chapa wa nchi hii, basi, aliweza kulala ndani kwa maneno aliyoyachapa.

Kazi yenyewe ilichosha macho. Herufi za risasi, iliyochanganywa na antimoni na bati, ziliokotwa moja moja, zikapangwa, zikabanwa kwenye fremu. Ubao wa picha ulipaswa kuwa na kimo kilekile cha herufi, kama milimita 23. Ukizidi kidogo tu, picha hutoka nzito na maneno pembeni yake hafifu. Fundi hupunguza, au huinua herufi kwa vipande vya karatasi, kisha hujaribu tena.

Ofseti ilipokuja, chapa ya risasi haikufa, ilishushwa cheo. Mashine ya Heidelberg ya mikono miwili, inayoweza kupitisha karatasi 5,000 kwa saa, imeachiwa kutia nambari vitabu vya risiti, kutoboa mstari wa kuchania na kukata kadi za harusi. Picha ya ubao nayo ilihamia kwa wasanii. Dennis Muraguri, aliyezaliwa Naivasha mwaka 1980, huchonga matatu za Nairobi kwenye mbao kubwa na kuzichapa karatasini, pamoja na michoro na majina yaliyo juu ya magari hayo. Kwangu mimi yeye ni mrithi halali wa wale vijana wa Unguja, japo nakala zake huuzwa kwenye majumba ya sanaa ambako makanga wa Mwiki hawaingii. Nao wasanii wa ubao hutia nambari, kwa penseli, pembeni: nakala ya ngapi, kati ya ngapi. Kwenye risiti nambari huonyesha hakuna iliyoibwa. Kwenye picha humhakikishia mnunuzi kwamba nakala hazitaongezwa.