Maji ya Chini ya Ardhi na Madaraka ya Umma

Historia ya maji katika nchi yetu huandikwa mara nyingi kwa kuhesabu visima na mabomba. Hesabu hiyo ni muhimu, lakini haitoshi. Swali la msingi ni hili: nani anajua kilichomo ndani ya maji, na anajua lini? Katika makala haya tunalichambua swali hilo kwa kutazama mafuta yanayohifadhiwa chini ya ardhi, na tunaanzia Kagoma, wilayani Muleba.

Katika nchi ya Wahaya, nyumba na vibanja vya migomba na kahawa viko juu ya matuta, na chemchemi ziko mabondeni. Mvua inayonywewa na ardhi huko juu hutokea chini, pale wanapochota wanawake na watoto. Kwa hiyo kinachofukiwa juu hakiwahusu wa juu peke yao. Kutoka Kagoma inaanzia barabara ya lami ya Biharamulo na Lusahunga. Penye lami magari huongezeka, na magari huvuta vituo vya mafuta, kila kimoja na matangi yake ardhini.

Mwaka 1971 Taifa lilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji safi ifikapo 1991. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza. Mwaka 1974 ikapitishwa Sheria ya Matumizi ya Maji Na. 42. Hayo yalikuwa mapambano ya haki. Lakini adui aliyelengwa wakati ule alikuwa kijidudu, na silaha kubwa ya kaya ilikuwa kuchemsha maji. Dhidi ya petroli silaha hiyo si ya kutegemewa, kwani hata mvuke wake humdhuru anayepika.

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Tangi likivuja, petroli hushuka hadi kwenye maji ya ardhini na kuelea juu yake. Sehemu yake huyeyuka na kusafiri na maji hayo. Ndani yake mna benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 tu katika lita moja ya maji ya kunywa.

Marekani ilifukia matangi ya chuma kwa maelfu, yakaliwa na kutu. Sheria ya kuyadhibiti ilipitishwa mwaka 1984, na tangu hapo uvujaji uliothibitishwa umezidi nusu milioni. Utajiri haukuikinga nchi hiyo, kwa sababu ilifukia kwanza, ikapima baadaye.

Tusidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Mwaka 2015 ilibainika kwamba lilikuwa limevuja huko Thange, Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Mto na visima vikachafuka, na wakulima wakaingia katika madai ya miaka mingi. Mkulima aliyeonja mafuta katika maji yake alikuwa amepata habari kwa ulimi wake mwenyewe, yaani kwa kuchelewa.

Upimaji wenyewe si uganga. Hutobolewa mashimo kuzunguka tangi, na udongo huchukuliwa katika vina mbalimbali. Huchimbwa visima vya kupimia visivyopungua vitatu, ili kina cha maji katika kila kimoja kionyeshe maji yanaelekea wapi. Sampuli za upande yanakotoka hulinganishwa na za upande yanakokwenda, na maabara hutafuta benzeni na wenzake. Na kila siku mwenye kituo anapaswa kulinganisha mafuta aliyopokea, aliyouza na yaliyobaki. Pengo lisiloelezeka ni dalili ya kwanza.

Hata hivyo, kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni kile kinachofanywa kabla tangi halijafukiwa. Bila hicho, mwenye mali atadai kwamba uchafu ulikuwepo tangu zamani, na mwananchi hatakuwa na la kumjibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza, na inamtwika mchafuzi gharama za uchafuzi. Lakini gharama hudaiwa kwa ushahidi.

Suala hili limekua tangu Mei 2017, Uganda na Tanzania zilipotia saini mkataba wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga. Kilomita 1,147 za njia yake ziko Tanzania, nayo inapita Muleba. Mafuta hayo yana nta, huganda yakipoa, hivyo hayaenei ardhini kama petroli. Hatari si ile ile, lakini kanuni ni moja: pima kabla, pima wakati wote, na matokeo yasomwe kijijini.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kada. Mkutano wa kijiji unaoridhia kiwanja cha kituo cha mafuta uulize: chemchemi iko wapi, maji yanaelekea wapi, nani amepima, na nakala ya vipimo iko wapi? Karatasi hiyo ikibaki katika kabati la mwenye tangi, umma utakuwa na maji bila kuwa na madaraka juu yake.